Jinsi Redio Alivyonyamaza

Siku mkewe alipoungua na pasi, akaitua pasi mahali pake, akamalizia kukunja shati alilokuwa analinyoosha, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Samahani, nadhani nimeungua," ndipo kinyozi alipoanza kuogopa.

Alikuwa amepita tu pale kwenye chumba cha kufulia kuchukua taulo za kazini. Aliuona mkono. Ngozi ilikuwa imenyanyuka kuanzia karibu na kiwiko hadi kwenye kifundo, nyekundu, inang'aa. Wanawake wawili waliokuwa wanakunja mashuka walimsifu kwa utulivu wake, na mmoja akaenda kuleta dawa. Mkewe akawa anatabasamu huku machozi yanamtoka. Machozi hayo ndiyo yaliyomtia kinyozi baridi mwilini, maana yalikuwa yanajitokea yenyewe, kama maji ya bomba bovu. Uso hauna habari nayo.

Maana mwanamke huyu, kule walikotoka, alikuwa anaitwa Redio. Alikuwa akiuza nguo za mitumba katika soko la mjini, na hakuhitaji kibao wala kipaza sauti. Akiinua blauzi moja na kuinadi, watu waliosimama kituo cha mabasi ng'ambo ya barabara walijua rangi yake, kipimo chake, na ni mwanamke wa umbo gani asijisumbue kuijaribu. Akicheka, mbwa wa jirani wanabweka. Akigombana, mdomo haukuwa na breki. Aligombana na mwenye nyumba, na fundi umeme, na karani wa posta, na siku moja alimgombeza daktari aliyekuwa anamshona kidole, mpaka daktari wa watu akasahau ameshona nyuzi ngapi, akaanza upya kuhesabu. Kinyozi naye hakusalimika. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa alisemwa juu ya viatu vyake, juu ya ndugu zake, juu ya namna anavyotafuna. Lakini hasira za Redio hazikuwa na kinyongo. Akishasema amemaliza, na dakika tano baadaye anakumenyea chungwa na kukuuliza mbona umenuna.

Kwa mdomo huo walifukuzwa nyumba tatu. Ile ya tatu vyombo vyao vilitupwa nje mvua ikinyesha. Godoro lililowa chepechepe, na Redio akaketi juu yake pale pale barabarani, akasema kwamba amechoka. Alisema hakuchoshwa na watu, amechoshwa na nafsi yake; anataka kuacha kugombana na hajui mtu anaachaje. Wiki ile ile mteja mmoja wa kinyozi akamwambia habari za Makazi, mahali watu wanapofundishwa utulivu. Kwa hiyo lisije likasemwa kwamba walipelekwa. Walikwenda kwa miguu yao, na aliyetangulia alikuwa Redio.

Makazi yalikuwa yamepangwa mpaka kivuli. Nyumba nyeupe mia moja na ishirini zilijengwa katikati ya shamba lililoachwa, na njia zilipindishwa makusudi ili mtu asipate pa kwenda mbio. Bwaloni meza zote zilikuwa za duara, asiwepo wa kukaa pembeni. Hata katika chumba cha kinyozi, kioo kilitundikwa nyuma ya mteja, mteja akatazamishwa bustanini. Ilisemekana mtu akinyolewa bila kujitazama huinuka na moyo mwepesi zaidi. Mwanzoni kinyozi alilicheka jambo hilo. Baada ya miezi miwili akaona ni kweli.

Waliopanga yote haya waliitwa Wapangaji. Redio alipoambiwa jina hilo siku ya kwanza aliangua kicheko mpaka akajishika mbavu. Kwao mpangaji ni mtu aliyekodi chumba, kesho anaweza kuambiwa ahame. Hapa mpangaji ndiye aliyekupanga wewe. Watu waliokuwa karibu walitazama kando wakamsubiri amalize. Ndiyo mara ya kwanza alipofanyiwa vile, na wala hakutambua.

Hapakuwa na askari wala adhabu, na geti halikuwa na kufuli. Mafunzo yote yalikuwa katika maneno mawili, kupisha na kupokea. Mtu akifanya jambo lisilofaa, mpishe. Usimkemee, usimjibu, usimtazame. Liache jambo lake lipite kama gari lisilo lako. Akifanya linalofaa, mpokee. Mtazame usoni, mguse bega, mwambie umependa nini. Zaidi ya hapo, kila mwanzo wa msimu kila mtu mzima alipewa kadi ndogo yenye jina la mtu wa kumsaidia na jambo lenyewe. Kadi ilisomwa ikarudishwa. Kila mmoja alijua kwamba naye yumo katika kadi ya mtu fulani, ila kuulizana haikuwa adabu. Kwa miaka yote kinyozi aliamini yeye yumo mikononi mwa mtunza ghala, maana bwana yule alikuwa anamsifu kupita kiasi kila akifuta viatu mlangoni.

Kadi yake mwenyewe ilikuwa fupi. Iliandikwa: mke wako, sauti.

Aliyempa kadi alikuwa mama mmoja mfupi, mwalimu mstaafu, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi. Wote walimwita Mpangaji, ingawa Wapangaji walikuwa wengi. Alimweleza kinyozi kwa upole kwamba mkewe mwenyewe ameomba kusaidiwa, na hakuna anayeweza kumsaidia kama yule anayelala naye chumba kimoja. Akamwonya kwamba atamwonea huruma, na kwamba siku atakayomjibu kwa huruma ndiyo siku atakayoharibu kazi ya mwezi mzima. Kinyozi akapiga moyo konde.

Mwezi wa kwanza ulikuwa moto wa kuotea mbali. Redio alikuja juu kwa sababu ya sabuni iliyosahauliwa ndani ya maji. Kinyozi akaendelea kusafisha mashine yake ya kunyolea kwa brashi, jino moja moja. Redio akapandisha. Akaipiga teke ndoo. Akaja akasimama mbele yake, pua kwa pua, akamuuliza kama amekufa na kama azikwe leo au wasubiri ndugu. Lile la ndugu karibu limchekeshe. Alijing'ata ulimi akatazama dirishani. Redio alisema karibu saa nzima. Mwishowe nguvu zikamwishia, akakaa kitandani, akasema polepole, "Hata kunitukana hutaki?"

Kwa kuwa alisema polepole, kinyozi aliweka brashi chini, akamwendea, akamshika mkono. Mwanamke akalia kwa kushikwa mkono tu. Ndivyo ilivyoanza.

Wala hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Redio akipaza sauti bwaloni, meza nzima ilizama kwenye sahani. Akinong'ona, nyuso saba zilimgeukia zikiwa zimechanua. Kwanza ziliondoka kelele. Halafu ubishi. Halafu kikaondoka kile kicheko, ambacho hakikuwa kwenye kadi ya mtu yeyote, kiliwafuata wenzake. Kufika mwaka wa tatu wakaitwa mbele ya watu bwaloni wakapongezwa, mume na mke, na jina la Redio likafa. Watu wakaanza kumwita Mama Shwari.

Na kinyozi, kusema kweli, alifurahi. Alikula kwa raha zake. Aliacha viatu popote, na vilikaa popote. Akirudi kazini anamkuta mkewe ameketi karibu na dirisha, mikono mapajani, anamuuliza siku ilikwendaje na kusikiliza jibu. Aliwahi kumwambia mtunza ghala kwamba angejua mapema angemleta hapa tangu siku ya harusi. Ikatimia miaka saba tangu wafike, mpaka siku ile ya pasi.

Tangu siku hiyo akawa anamchunguza. Alitaka kujua kama Redio amejificha humo ndani au hayumo tena. Akaanza uchokozi, mtu mzima na ndevu zake. Alimwaga chai juu ya mashuka aliyotoka kuyanyoosha; mkewe akasema mashuka ni mashuka. Alimficha kiatu kimoja. Mkewe akaenda kazini na kandambili. Akamwambia chakula cha dada yake mkubwa kilikuwa kitamu kuliko chake, neno ambalo zamani lingemhamisha mtu mtaa. Mkewe akafikiri kidogo, akasema ni kweli. Mwisho, kwa kukosa jingine, akamdanganya kwamba amempenda mwanamke mwingine hapo hapo Makazini. Akakaa kitandani roho juu, anasubiri.

Mkewe alikuja akaketi karibu naye. "Pole," alimwambia. "Lazima imekulemea kukaa na jambo hilo peke yako. Ahsante kwa kuniambia taratibu."

Na akamgusa bega. Alikuwa anampokea. Kinyozi alitoka nje akazunguka zile njia zilizopinda mpaka kichwa kikamuuma.

Kesho yake alikwenda kwa Mpangaji. Hakujua anakwenda kudai nini. Alimweleza habari ya pasi, na chai, na ule uongo wa mwanamke, na mama yule alivaa miwani akamsikiliza bila kumkatiza. Kinyozi alipomaliza alisema anataka arudishiwe mke wake. Mpangaji hakukasirika. Alimuuliza, je, mkewe amelalamika? Hapana. Je, halali vizuri, hali vizuri? Analala, anakula. Je, alipokuja hapa si yeye mwenyewe aliyeomba? Ni yeye.

"Tunaweza kumfundisha kupiga kelele," Mpangaji alisema mwishowe, na alisema bila kejeli. "Ni kazi ile ile, ila kinyume. Utampokea akipaza sauti, utampisha akinyamaza. Mwaka mmoja, labda na nusu. Lakini nikuulize, baba: hizo zitakuwa kelele za nani?"

Kinyozi alijikuna kichwa. Akasema basi wataondoka. Mpangaji akasema geti liko wazi kama lilivyokuwa sikuzote, akamuuliza kama wangependa mtu wa kuwasaidia mizigo.

Waliondoka siku ya tatu, asubuhi. Mkewe hakupinga. Alishangaa tu, akamtazama mumewe kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akafunga nguo. Bawabu wa geti mwenyewe aliwabebea begi hadi kituoni, akawaombea safari njema, na basi likaja.

Dada mkubwa wa Redio alikuwa bado yuko soko lile lile, kwenye kibanda kile kile walichokuwa wakiuza pamoja. Alipomwona mdogo wake alitupa suruali aliyokuwa ameishika, akamrukia shingoni kwa vigelegele, akimtukana kwa mapenzi, mshenzi wewe, miaka saba, hata barua. Alisema yote yale kisha akanyamaza kungoja arudishiwe. Mdogo wake akamwambia amefurahi sana kumwona. Dada akacheka, akidhani ni mzaha. Akangoja tena. Polepole mikono yake ikaanguka kutoka shingoni.

Siku mbili zilizofuata alikuwa anamtazama. Aliwapa chumba cha nyuma, akamweka mdogo wake kibandani kama zamani. Kinyozi alikaa kwenye kigoda karibu, anatazama. Wachuuzi wa pande zote walikuwa wanapayuka kama soko linaungua, na mkewe amesimama katikati yao ameshika blauzi kwa mikono miwili, anawatabasamia wapita njia. Mtu akisimama, anamweleza habari za blauzi kwa sauti ambayo haikuvuka meza. Akaja mwanamke mmoja, akachagua shati, akalikunja, akalitia kwenye kikapu chake, akaondoka zake bila kulipa, taratibu, anatazama nyuma kuona kama ataitwa. Mkewe alitazama kando. Alikuwa anampisha.

Dada aliyaona yote hayo. Hakumfuata mwizi wa shati. Alimfuata kinyozi, akamkamata ukosi akamwinua kutoka kwenye kigoda.

"Shemeji, umemfanya nini mdogo wangu?"

Soko likageuka kutazama. Kinyozi alikuwa na maneno mengi ya kujitetea, na zamani angeyatoa yote kwa mkupuo. Badala yake alisema kweli. Alisema habari za kadi. Alisema alikuwa hamjibu mkewe akipaza sauti, alikuwa anamshika mkono akisema polepole, kwamba aliifanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka na alipongezwa kwa makofi. Alisema huku anamtazama mkewe, akiamini kwamba hili angalau litamfikia. Kwamba mwanamke yeyote akisikia jambo kama hili mbele ya soko zima atainua mkono ampige. Aliutaka mkono ule kuliko alivyowahi kutaka kitu.

"Nilijua," mkewe alisema. "Mwaka wa pili nilijua. Nilikuona siku ile ya ndoo unajing'ata ulimi usicheke, baadaye nikaunganisha." Akaweka blauzi mezani, akainyoosha mikunjo. "Na mimi nilipewa wewe, mume wangu."

Dada aliachia ukosi. Kinyozi alimuuliza mkewe alipewa nini chake, na alipouliza alikuwa bado anafikiri habari za viatu mlangoni.

Mkewe alimweleza pale pale, kwa utulivu, kama anayesimulia habari za jirani. Je, anakumbuka kwamba walipofika Makazi alikuwa hasemi lolote ila kuondoka? Kila jioni alikuwa anasema watakaa mwaka mmoja tu, halafu watarudi mjini afungue saluni yake mwenyewe pale kwenye njia panda, viti vinne, vioo ukuta mzima, muziki tangu asubuhi. Alikuwa ameshaichora hata kwenye karatasi. Basi kadi yake ilisema: mume wako, kuondoka. Kinyozi akitaja saluni, mkewe anasinzia, au anatoka kwenda kuanua nguo. Akitaja kazi yake ya hapo, bustani, wateja wa hapo, yeye anakaa karibu, anamwegemea. Mwaka wa kwanza aliitaja kila siku. Wa pili mara moja moja. "Ile karatasi uliifungia wembe ukautupa," alisema. "Mimi niliiona. Nilikwenda kumwambia Mpangaji, akanipongeza. Ndiyo maana nilishangaa uliposema tuondoke."

Kinyozi alijaribu kukumbuka. Aliikumbuka saluni. Alikumbuka viti ni vinne, na kwamba kimoja kilikuwa kiwe cha watoto, chenye ubao wa kuwainua. Kila kitu chake alikikumbuka isipokuwa kule kuitaka. Alijipapasa moyoni kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni. Akapapasa na kupapasa, pakawa patupu. Alitaka kumkasirikia mkewe, na mkewe alikuwa amesimama anamtazama kwa wema, mkono wenye kovu la pasi juu ya blauzi.

"Kwa nini ulikubali?" alimuuliza.

"Nilitaka tupumzike. Na wewe?"

"Hivyo hivyo."

Dada mkubwa akaketi chini juu ya furushi la nguo, akaanza kulia kwa sauti, kilio cha msibani. Wote wawili, mume na mke, bila kuambizana, walitazama pembeni wakamsubiri amalize.

Hata hivyo hawakurudi mara moja. Kinyozi alisema watakaa, watazoea, mjini ndiko walikozaliwa. Dada akamtafutia kiti katika saluni moja karibu na soko, na asubuhi hadi jioni akawa ananyoa katikati ya kelele za watu wanaobishana mpira na siasa. Alinyoa vizuri. Lakini mteja akimwambia amekosea alikuwa anakubali, hata pale alipokuwa hajakosea, na wenzake wakagundua upesi kwamba anaweza kupokonywa mashine, taulo, hata mteja aliyekwisha kukaa, naye akasogea. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanamsukuma waone atasimama wapi, kama wanaume wanavyofanyiana, na hakusimama popote.

Wiki ya nne maji ya mtaani yalikatika, yakawa yanatoka kwenye bomba moja tu, asubuhi hadi mchana. Kinyozi na mkewe walikwenda mapema na ndoo zao, wakawa watu wa sita kwenye foleni. Akaja mama mmoja ana haraka, akatia ndoo yake mbele yao. Wakasogea. Wakaja wawili. Wakaja vijana na mkokoteni wenye madumu kumi na manane. Kila aliyefika alitazama foleni, akaona mahali palipo laini, akaingilia hapo. Jua likapanda. Kinyozi alikuwa anajua maneno yanayotakiwa. Yalikuwa matatu, sisi tulikuwa hapa, hata mtoto huyasema. Aliyapanga kooni mara nyingi. Akifungua mdomo, shingo inageuka yenyewe, macho yanatafuta kitu kingine cha kutazama. Akamgeukia mkewe kama atayasema yeye, yeye aliyesimamisha soko, na akamwona midomo inamcheza, jasho linamtiririka, kovu la mkono limeiva kwa jua. Haikutoka hata sauti ya pumzi.

Saa saba bomba likakoroma likakauka. Walikuwa bado watu wa sita.

Walikaa juu ya ndoo zao watu wakitawanyika. Kinyozi alimwambia mkewe kwamba anadhani warudi. Mkewe alisema naye alikuwa anafikiri hivyo, ila alikuwa anasubiri yeye aseme. Wakaenda kufunga nguo. Dada mkubwa alisimama mlangoni na miguu ameitanua, akaapa kwamba watapita juu ya maiti yake. Wakamsubiri, wakakaa kitako na begi lao, hadi miguu ikamchoka akaondoka mwenyewe mlangoni. Basi lilipong'oa nanga alikuwa kituoni, analigonga ubavuni kwa kiganja, anamwita mdogo wake kwa jina la Redio.

Makazini hakuna aliyeuliza. Bawabu aliwapokea begi. Chumba chao kilikuwa kimefagiliwa, mashuka yamebadilishwa, mimea ya dirishani imemwagiliwa. Mpangaji alikutana na kinyozi njiani, akamwambia amefurahi kumwona, na alionekana amefurahi kweli. Kinyozi alikuwa amejiandaa kwa lolote, kwa kusutwa, kwa kuwekwa mbele ya watu. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Aliitikia, akashukuru, akaenda kazini.

Wazo la kugombana lilikuwa la mkewe. Alilitoa siku moja ya mapumziko baada ya chakula cha mchana, wamekaa chumbani mezani wanatazamana. Alisema labda ni kama mguu uliokaa kwenye plasta; lazima ujaribiwe kidogo kidogo. Kinyozi alikubali. Walifunga dirisha. Walikubaliana kwanza wagombane juu ya nini, wakachagua viatu vyake.

Mkewe alianza. Alisema vimekaa katikati ya njia. Kinyozi akasema vinakaa anapotaka yeye. Mkewe akasema yeye ni mchafu. Yote yalikuwa yanasemwa kwa sauti ya kusoma, na wote wawili waliona haya, lakini wakaendelea. Kinyozi akasema heri uchafu kuliko mdomo. Mkewe akasema mdomo huo ndio uliomlisha miaka kumi na mmoja alipokuwa na kiti kimoja na wateja wawili, mmoja kipara. Hapo kitu kikacheza. Aliinuka, akashika ukingo wa meza, shingo ikamtoka mishipa, na neno "kipara" likarudiwa, na mara hii likatoka kwa sauti, sauti yenyewe, ile ya kuvuka barabara.

Nyumba ya jirani fagio likasimama.

Kinyozi alikuwa anaisubiri sauti hiyo tangu siku ya pasi. Alipozinduka aligundua kwamba ameshageuza uso. Alikuwa anatazama ukutani, ametulia, mikono juu ya meza, anampisha. Hakukusudia, mwili ulikuwa umemtangulia. Akajilazimisha kumgeukia, lakini ilichukua muda, kama kugeuza kabati zito, na mkewe alikuwa ameshaona. Alikaa chini. Kwa sauti ya chini kabisa akasema samahani. Na kinyozi, kabla hajapata nafasi ya kujizuia, akasikia furaha inamjaa kifuani, akanyoosha mkono akamshika wake.

Nyumba ya jirani fagio likaendelea.

Walikubaliana wajaribu tena siku ya mapumziko inayofuata. Siku hiyo mvua ilikuja ghafla, watu wote wakaenda kusaidia kuanua mashuka kule kwenye kufulia. Wiki iliyofuata kinyozi alikuwa na wateja wengi. Ile iliyofuata hapo hapakuwa na mvua wala wateja. Walikula, wakakaa karibu na dirisha, wakazungumza habari za bustani, na hakuna kati yao aliyekumbuka.